Ruta ipi itafika hadi chumba cha nyuma?

Katika mitaa ya Sparkbrook, Small Heath na Handsworth mjini Birmingham, nyumba nyingi zimejengwa kwa safu, ukuta kwa ukuta, kwa matofali mekundu, na baadhi yake zimepita umri wa miaka 100.

Mara nyingi waya wa simu huingia sebuleni, upande wa barabarani. Hapo ndipo huwekwa ruta, kile kisanduku kinachosambaza intaneti nyumbani bila waya.

Lakini mtoto anayefanya kazi ya shule yuko chumba cha nyuma ghorofani, na mama anayezungumza kwa video na nduguze walioko Mombasa au Bukavu yuko jikoni. Huko ndiko picha huganda na sauti hukatika.

Wengi wakifikwa na hali hiyo hukimbilia dukani kununua ruta kubwa yenye antena nyingi, wakiamini kuwa ina nguvu zaidi. Mara nyingi fedha hizo hupotea bure, kwani kinachozuia mawimbi si udhaifu wa ruta bali ni nyumba yenyewe na mahali ruta ilipowekwa.

Nguvu ina kikomo

Nchini Uingereza, nguvu ya mawimbi ya ruta imewekewa mpaka na Ofcom, taasisi inayosimamia mawasiliano. Katika masafa ya gigahezi 2.4, ruta hairuhusiwi kutoa zaidi ya miliwati 100. Hiyo ni sehemu moja tu ya kumi ya wati, ilhali balbu ndogo ya siku hizi hutumia wati tano au zaidi.

Kipimo hicho hujumuisha antena. Mtengenezaji akiweka antena inayokusanya nguvu upande mmoja, hulazimika kupunguza nguvu inayoingia ndani ya antena hiyo. Kwa hiyo ruta ya bei kubwa haiwezi kupaza sauti kupita mpaka huo kwa sababu tu ina pembe nane.

Antena nyingi zina faida nyingine. Huisaidia ruta kusikia vyema simu iliyo mbali, na kupeleka mikondo kadhaa ya data kwa wakati mmoja.

Jambo la pili husahauliwa na wengi: mawasiliano haya ni ya pande mbili. Simu ya mkononi nayo hulazimika kuijibu ruta, na antena yake ni ndogo. Ni sawa na watu wawili walio kwenye kingo mbili za mto. Mmoja akiwa na sauti kubwa na mwingine akinong'ona, hakuna mazungumzo.

Masafa matatu

Ruta za kisasa hutumia masafa ya gigahezi 2.4 na 5, na zile mpya zaidi huongeza gigahezi 6, ambayo Uingereza iliifungua kwa matumizi ya Wi-Fi mwaka 2020.

Gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali, lakini kasi yake ni ndogo. Gigahezi 5 ina kasi kubwa zaidi, ila hudhoofika haraka inapokutana na matofali. Gigahezi 6 hudhoofika zaidi kidogo, na hufaa hasa katika chumba kimoja na ruta.

Katika nyumba za safu kuna tatizo jingine, nalo ni majirani. Gigahezi 2.4 ina njia tatu tu zisizoingiliana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11. Nyumba kumi zikigawana njia tatu, kila mmoja husubiri zamu yake.

Hapa ukuta wa matofali hugeuka kuwa rafiki. Ukuta unaozuia gigahezi 5 isitoke sebuleni mwako ndio unaozuia pia ya jirani isiingie kwako.

Urithi wa Birmingham

Si majirani pekee wanaovuruga gigahezi 2.4. Oveni ya maikrowevu hutumia masafa hayo hayo kupasha chakula moto, na nguvu yake ni mamia ya wati. Kiasi kidogo mno kinachovuja mlangoni mwake, kisicho na madhara kwa mwili, kinatosha kuvuruga ruta iliyo karibu.

Kiini cha oveni hiyo kina historia mjini Birmingham kwenyewe. Mwezi Februari mwaka 1940, John Randall na Harry Boot wa Chuo Kikuu cha Birmingham waliunda aina mpya ya magnetroni iliyotoa mawimbi yenye nguvu kubwa na urefu wa karibu sentimita 10. Ilikusudiwa kwa rada za vita. Baada ya vita, magnetroni iliingia jikoni.

Funzo lake ni dogo lakini lina manufaa: usiiweke ruta jikoni, na kama simu hukwama kila chakula kinapopashwa moto, hamia gigahezi 5.

Adui wengine wa mawimbi ni maji na chuma. Tangi la maji, jokofu, kioo kikubwa cha ukutani na hata bodi za kuzuia baridi zenye karatasi ya alumini huyameza au kuyarudisha mawimbi. Dohani za zamani, zilizojengwa kwa matofali mengi katikati ya nyumba, nazo huacha kivuli nyuma yake.

Kabla ya kununua

Kwanza, unganisha kompyuta kwenye ruta kwa waya na upime kasi. Ikiwa kasi ni ndogo hapo pia, basi huenda tatizo liko kwenye laini inayoingia nyumbani, na ruta mpya haitaliondoa.

Kampuni nyingi kubwa za intaneti nchini humo zimetia saini kanuni za Ofcom kuhusu kasi, zilizoimarishwa mwezi Machi mwaka 2019. Kasi ikishuka chini ya kiwango walichokuahidi, nao wakashindwa kurekebisha ndani ya siku 30, una haki ya kuvunja mkataba bila faini. Ahadi hiyo ni ya kasi inayofika kwenye ruta, si ile inayofika chumbani kupitia ukuta.

Pili, ihamishe ruta. Itoe nyuma ya televisheni na kabatini, iinue juu ya rafu, na uisogeze karibu na katikati ya nyumba kadiri waya unavyoruhusu. Katika nyumba za safu, mara nyingi mahali bora ni karibu na ngazi, kwa kuwa uwazi wake huyapa mawimbi njia ya kupanda.

Ukilazimika kununua

Ikiwa chumba cha nyuma bado ni kimya, tiba iliyo bora ni kukipelekea waya wa mtandao na kuweka kituo cha pili mwishoni mwake. Waya hauogopi matofali.

Aliyepanga nyumba na hana ruhusa ya kutoboa kuta anaweza kutumia mfumo wa meshi, yaani vituo viwili au vitatu vinavyopokezana mawimbi. Kituo cha pili kiwekwe katikati ya safari, mahali ambapo mawimbi bado ni mazuri. Kikiwekwa ndani ya chumba kisicho na mawimbi, hakitakuwa na cha kupokea wala cha kugawa.

Namba zilizoandikwa kwenye boksi nazo zisomwe kwa tahadhari. Kasi ya maelfu ya megabiti ni jumla ya masafa yote katika hali ya maabara. Aidha, Wi-Fi 7, iliyoanza kuthibitishwa rasmi mwezi Januari mwaka 2024, haitaisaidia simu ya zamani isiyoweza kuitumia.

La mwisho ni usalama. Tangu tarehe 29 Aprili mwaka 2024, sheria ya Uingereza inakataza kuuza ruta zenye nywila rahisi ya kiwandani, na inamtaka mtengenezaji aeleze ataendelea kuitunza programu yake kwa muda gani. Anayenunua ruta iliyokwishatumika na aulize hilo kabla ya kutoa fedha, kwani ruta iliyoachwa bila matunzo ni mlango usio na komeo.

Kwa familia yenye kipato kidogo, mpangilio huu una maana. Pima kwanza, sogeza pili, vuta waya tatu, na ununue mwisho. Huenda mtoto wa chumba cha nyuma akamaliza kazi yake ya shule usiku huo huo, bila senti moja kutumika.