Mtazame Mbono, Utamwona Kolekole

Wageni ninaowashusha majini hapa Mafia huniuliza swali lile lile kabla hata hawajavaa mitungi: kolekole yuko upande gani? Huwajibu kwamba sijui, na sitaki wamtafute. Wawatazame mbono. Hao ni samaki wembamba wa buluu na manjano wanaojaa juu ya miamba wakila vidudu vinavyoletwa na mkondo. Kolekole, samaki anayewawinda, alipo wanapajua wao, maana asipojulikana mapema huliwa mmoja wao.

Mbono waliotulia hukaa ovyo. Huyu anadonoa huku, yule kule, kundi limetanuka karibu na uso wa maji. Wakihisi hatari hujikusanya. Wote huelekea upande mmoja, nafasi kati yao hupungua, kisha huanza kushuka kuukaribia mwamba. Ukiona hivyo, waache, tazama kule wanakokukimbia, nje ya ukingo, kwenye kilindi. Mara nyingine sikio hulitangulia jicho: kundi zima likigeuka kwa mpigo mmoja, maji hutoa mvumo mzito unaousikia mpaka kifuani. Hapo kolekole ameshapita, na pengine mbono mmoja hayupo tena.

Mahali pangu pa kumngojea ni Mlango wa Kinasi, Ghuba ya Chole inapofungukia bahari kuu, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Tunashuka maji yanapojaa. Yakitoka hubeba mchanga na uchafu wa ghuba, ukahangaika hata kumwona mwenzako; yakiingia huleta maji safi ya nje, na mkondo wake huwasukuma mbono kwenye kona za mwamba. Kolekole anaijua kona hiyo. Husimama hapo akiukabili mkondo, mkia ukipunga kidogo tu, akisubiri bahari imletee riziki.

Kolekole wako aina nyingi. Ninayemsema mimi ni yule mkubwa kuliko wote, anayeweza kufika sentimita 170 na kilo 80. Wa kwanza kumwandika kitaalamu alikuwa Peter Forsskål, msomi wa Uswidi aliyekusanya viumbe wa Bahari ya Shamu. Alifia Yemen mwaka 1763, na kazi yake ikachapishwa 1775. Samaki huyu humjui kwa rangi. Huwa wa fedha, lakini dume aliyekomaa anaweza kuwa mweusi, na wageni hudhani ni samaki wawili tofauti. Mtambue kwa paji lake lililosimama wima kama ukuta, jicho kubwa na mkia uliopinda kama mwezi mchanga. Usimchanganye na wengine: mzia ni mrefu, mdomo umechongoka, huelea bila haraka. Jodari hupita mbali na wala hakugeukii.

Mbio za kolekole zinatoka mkiani. Sehemu ya mbele ya mwili haiyumbi. Nguvu yote huishia kwenye shina la mkia, jembamba, lenye magamba magumu yenye ncha kila upande. Wataalamu wanapoeleza samaki wanaoogelea namna hii, hutumia jina la ukoo wake. Kwa hiyo kumfukuza kwa mapezi ya mpira ni kujichosha na kumaliza hewa. Tulia karibu na mwamba bila kugusa matumbawe, pumua polepole. Mara nyingi yeye mwenyewe huja kukukagua, hukuzunguka, akaondoka. Yeye hana haja na mtu.

Ndege ndio wana la kuogopa. Mwaka 2017 filamu ya BBC, Blue Planet II, ilionyesha kolekole wa kisiwa cha Farquhar, Shelisheli, wakiruka nje ya maji kuwadaka buabua wachanga, hata waliokuwa wakiruka angani. Samaki lazima akadirie mwendo wa ndege akiwa chini ya maji. Nilipomsimulia mjomba wangu, mvuvi wa mshipi, hakushangaa. Kilichomshangaza ni kazi yangu: "Yaani wewe, mpwa wangu, unalipwa kukitazama kitoweo kinaondoka?" Nalipwa, mjomba.

Ila tunachokitazama sisi hakianzii mwambani. Watoto wa kolekole hukulia kwenye midomo ya mito na mikokoni, kwenye maji machafu ambako wakubwa hawawaoni kirahisi, ndipo baadaye wahamie nje. Ng'ambo ya Mafia iko delta ya Rufiji yenye msitu mkubwa wa mikoko. Anayekata mikoko kwa ajili ya boriti na mkaa anakata pia kitalu cha samaki, na hilo sioni likisemwa vya kutosha kwenye vikao vyetu vya wavuvi.

Ukija Mafia, kama hujazoea mkondo, chagua siku za maji mafu. Bamvua huvuta kwa nguvu mno pale mlangoni. Mwambie mwongozaji wako kabisa kwamba hutaki kuzunguka mwamba mzima, unataka kukaa kwenye kona moja. Akikataa, tafuta mwingine.