Vyombo vya Nyumbani Vilivyoungwa na Mtandao

Siku hizi madukani huuzwa taa, kamera, majokofu na hata vitasa vya milango ambavyo mwenyewe aweza kuviangalia na kuviamuru kwa simu yake akiwa mbali. Baadhi ya wanachama wametuuliza kama yafaa kununua kamera za namna hii kwa kulindia karafuu zilizoanikwa, nasi twaona ni vyema kulieleza jambo hili.

Asili yake si ya jana. Mwaka wa 1982, katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, mashine ya kuuzia soda iliungwa na kompyuta, ili watu wajue kabla ya kuondoka mezani kama chupa zimebaki na kama zimekwisha poa. Mwaka wa 1991 wenzao wa Cambridge, Uingereza, walielekeza kamera kwenye birika la kahawa, maana waliokaa mbali walichoka kwenda na kulikuta tupu. Mwaka wa 1993 picha zake zikaingizwa katika intaneti, na watu wa nchi nyingine wakawa wanatazama birika lisilowahusu!

Chombo cha namna hii kina kompyuta ndogo ndani yake. Mara nyingi hakisemi na simu yako moja kwa moja, bali hupeleka habari kwa mtambo wa kampuni, pengine ng'ambo, na simu huzipata huko. Kampuni ikiufunga mtambo wake, je? Hayo yalitokea Marekani. Chombo kiitwacho Revolv, kilichouzwa dola 300 kwa kuendeshea taa na vitu vingine vya nyumbani, kilikufa Mei 2016 kwa kuwa kampuni iliyokimiliki iliusimamisha mtambo. Chombo chenyewe kilikuwa kizima.

Lililo kubwa zaidi ni neno la siri. Kamera nyingi hutoka kiwandani na neno moja lijulikanalo na kila mtu. Mwaka huo huo wa 2016 programu mbovu iitwayo Mirai iliingia katika kamera nyingi duniani kwa kuyajaribu maneno hayo tu, ikazitumia kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tarehe 21 Oktoba Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa saa kadha wa kadha. Kamera iliyozimwa na kuwashwa ilipona, lakini isipobadilishwa neno iliingiwa tena upesi. Uingereza imepiga marufuku maneno hayo ya kiwandani tangu Aprili 2024, na kampuni inayotengeneza chombo haina budi kutangaza itakirekebisha mpaka lini.

Kwa hiyo mwanachama anayenunua amwulize muuzaji hayo mawili: neno la siri hubadilishwaje, na marekebisho yatakoma lini. Asipojua, asipewe fedha. Tena kamera itaiona mvua, lakini haikunji majamvi. Karafuu zikilowa zitakuwa mpeta mbele ya macho yake. Na ikitundikwa, ielekezwe majamvini, isielekezwe uani kwa jirani.