Vijumba vya Virunga: nani atalala humo amani ikirudi?

Kutoka mji wa Goma hadi Rumangabo, katika teritware ya Rutshuru, ni karibu kilometa 50 kwa barabara ya taifa namba 2. Wakati wa amani, gari linatoka asubuhi na kufika kabla ya saa sita. Hapo, ndani ya msitu, karibu na makao makuu ya Mbuga ya Virunga, kuko vijumba 12 vya mawe vilivyojengwa kwa ajili ya wageni. Kila kimoja kina vitanda, mahali pa kuwasha moto, na baraza inayotazama miti yenye kima. Mahali hapo panaitwa Mikeno Lodge. Watu wametoka Ulaya na Marekani kuja kulala humo. Wakaaji wengi wa Goma wanapajua kwa picha za simu tu.

Mbele ya vita na kambi za wakimbizi, swali la nani anapanga chumba cha likizo linaweza kuonekana la mchezo. Lakini kwa vijiji vinavyopakana na mbuga, kila usiku uliolipiwa ulikuwa mshahara wa mpishi, wa mfua nguo na wa dereva, na soko la mama anayelima viazi na karoti upande wa Kibumba. Chumba kikikaa bila mgeni, watu hao wote wanatafuta kazi nyingine, na kazi iliyo karibu zaidi mara nyingi iko ndani ya msitu, kwenye tanuru la makala.

Hesabu ya familia moja

Mbuga ya Virunga iliundwa mwaka wa 1925, ikiwa ya kwanza katika Afrika. Tangu 1979 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na tangu 1994 imewekwa kati ya maeneo ya urithi yaliyo hatarini. Enzi za Zaire, watalii walilala katika hoteli ya Rwindi, katikati ya uwanda wa tembo, nyati na viboko. Katika miaka ya 1970 viboko wa Virunga walikaribia 30,000. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Hoteli nayo haikuponyoka vita.

Miaka iliyofuata, ICCN na washirika wake walijenga malazi mapya upande wa kusini. Mbali na vijumba vya Rumangabo, kulikuwa na mahema ya Bukima, mahali ambapo wageni walianzia safari ya kuwaona gorila. Kulikuwa na mahema ya Tchegera, kisiwa kidogo cha Ziwa Kivu chenye umbo la mwezi mchanga, ambacho ni ukingo wa volkano ya zamani iliyozama. Na juu kabisa ya Nyiragongo, kwenye mita 3,470, kulikuwa na vijumba vidogo vya watu wawili wawili, ambamo wageni walijifunika blanketi baada ya kutazama ziwa la moto.

Mzazi aliyetaka kupeleka familia huko alipaswa kujua jambo moja mapema: bei ya kitanda ilikuwa mwanzo tu. Kabla ya janga la Covid-19, kibali cha kuwaona gorila kwa saa moja kiligharimu dola 400 kwa mtu mmoja, na kupanda Nyiragongo dola 300. Mtoto aliye chini ya miaka 15 hakuruhusiwa kwenda kwa gorila hata kama wazazi walikuwa na pesa. Basi familia ya baba, mama, kijana wa miaka 16 na mdogo wake wa miaka 10 ililipa vibali vitatu, dola 1,200, na huyo mdogo akabaki Rumangabo.

Ni kweli kwamba bei hiyo ilikuwa ndogo ukiilinganisha na ya majirani. Rwanda ilipandisha kibali chake hadi dola 1,500 mwaka wa 2017, hivyo watu watatu wale wale wangelipa dola 4,500 kwa kuwaona gorila wa milima ile ile. Mtalii wa kigeni aliona Congo kuwa nafuu. Kwa mwalimu wa Rutshuru au muuzaji wa soko la Virunga mjini Goma, dola 400 za asubuhi moja ni pesa ya kulipia masomo ya watoto.

Kwa huyo mdogo aliyebaki, Rumangabo palikuwa na kitu cha pekee. Kituo cha Senkwekwe, kilichofunguliwa 2010, kinatunza gorila wa milimani walio yatima. Kina jina la dume aliyeuawa kwa risasi mwezi wa 7 mwaka wa 2007, pamoja na majike wa familia yake. Hapo ndipo alipokulia Ndakasi, gorila ambaye picha yake akiwa amesimama wima kama mtu ilizunguka dunia mwaka wa 2019. Alikufa mwezi wa 9 mwaka wa 2021, mikononi mwa mlezi wake André Bauma.

Mlango unaofunguliwa na kufungwa

Chumba cha mawe kinadumu miaka mingi, lakini barabara inayofika kwake inaweza kufungwa kwa siku moja. Mwezi wa 4 mwaka wa 2014, mkurugenzi wa mbuga, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi akirudi Rumangabo kutoka Goma, akapona. Mwezi wa 5 mwaka wa 2018, mlinzi Rachel Masika Baraka, msichana wa miaka 25, aliuawa akilinda gari la watalii wawili Waingereza, ambao walitekwa kisha wakaachiliwa. Mbuga ilifunga utalii hadi mwezi wa 2 mwaka wa 2019.

Mwaka mmoja tu baadaye ilifungwa tena juu ya Covid-19. Tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka wa 2020, walinzi 12 waliuawa katika shambulio moja karibu na Rumangabo, pamoja na dereva na raia. Mwezi wa 5 mwaka wa 2021 Nyiragongo ililipuka na kuteketeza nyumba upande wa Buhene. Mwishoni mwa 2022 waasi wa M23 walichukua Rumangabo, na mwezi wa 1 mwaka wa 2025 wakaingia Goma.

Wakati huo wote, upande wa pili wa mpaka, vyumba vya Kinigi nchini Rwanda na vya Kisoro nchini Uganda viliendelea kupokea wageni baada ya Covid. Gorila wanavuka mpaka bila kuulizwa karatasi. Pesa ya mgeni inabaki mahali anapolala.

Chumba na gunia la makala

Goma inapika kwa makala, na sehemu kubwa ya makala hayo imetoka kwenye miti ya mbuga. Gorila wa 2007 walipouawa, wengi katika kazi ya uhifadhi waliona mkono wa biashara hiyo. Uongozi wa mbuga ulikuwa umeahidi kwamba asilimia 30 ya mapato ya utalii yatarudi kwa jamii za pembeni, kwa masomo, hospitali, maji na barabara. Watalii wanapokosekana, asilimia 30 ya sifuri haijengi darasa.

Tena kuko hasara isiyohesabiwa kwa dola. Mtoto wa Kiwanja au Rugari anaijua mbuga kama mpaka ambao baba yake anakatazwa kuuvuka, na mahali ambapo nyati wanatoka usiku kula mihogo. Akimwona anayelala huko ni mgeni kutoka mbali peke yake, ni rahisi kumwaminisha kwamba mbuga ni mali ya wazungu. Mtu hatetei mti ambao hajawahi kukaa chini ya kivuli chake.

Kazi ya siku ya amani

Kwa sasa hakuna familia inayopaswa kutuma pesa kwa yeyote anayetangaza vyumba vya Virunga kwenye simu bila kuuliza kwanza kwa ICCN. Siku barabara itakapofunguka, mzazi atauliza maswali ya kawaida. Je, bei ni ya chumba au ya kila mtu? Chakula kimo ndani? Nani anasindikiza gari? Watoto wanakubaliwa kuanzia miaka mingapi? Atabeba pia nguo za baridi, kwa sababu usiku wa Bukima haufanani na wa Goma.

Lakini wenye kuendesha malazi hayo nao wana swali la kujibu. Majengo yatatakiwa kutengenezwa, na hesabu ya kurudisha pesa itawasukuma kumtafuta mgeni wa dola nyingi kwanza. Wakifanya hivyo tu, biashara itasimama tena juu ya mguu mmoja: tangazo moja la ubalozi wa nje likionya raia wake wasisafiri, vyumba vyote vitakuwa tupu.

Njia nyingine haihitaji mali nyingi. Vijumba 12 vinaweza kupokea familia 12 kwa usiku mmoja. Viwili kati yake vikiwekewa bei ya franga kwa familia za nchi wakati wa likizo kubwa ya masomo, mwezi wa 7 na wa 8, ni zaidi ya familia 100 kwa msimu, ikiwa kila moja italala usiku mmoja tu. Watoto wao watarudi Goma, Rutshuru na Butembo wakiwa wamesikia msitu usiku, na watakuwa na la kusema gunia la makala litakaposhushwa mlangoni.