Kwa Nini Dirisha la Malipo Huchelewa Kufunguliwa Umeme Unaporejea

Mkazi anayefika kulipia leseni ya biashara mara tu umeme unaporejea huweza kuambiwa asubiri, ilhali taa zinawaka na kompyuta zimewashwa. Kusubiri huko si uzembe. Kumbukumbu za malipo huhifadhiwa katika kanzidata, na kabla seva yake haijawashwa, saraka yenye data hukaguliwa kwanza.

Hatari kubwa ni ile isiyopiga kelele. Aghalabu data huwekwa kwenye diski ya pekee. Diski hiyo isipounganishwa, saraka huonekana ipo, kumbe ni tupu. Mfumo ulioelekezwa kuunda kanzidata mpya kila ukutapo utupu utafanya hivyo bila kuuliza. Dirisha litafunguliwa, na aliyelipa mwaka jana ataonekana hakuwahi kutoa hata senti. Malipo mapya yakishaandikwa humo, kuyaoanisha na ya zamani ni kazi ya siku nyingi. Ndiyo maana hati ya ukaguzi ya PostgreSQL, katika mifumo ya Fedora na Red Hat, hutafuta faili iitwayo PG_VERSION. Isipoiona, seva haiwashwi. Namba iliyomo ikitofautiana na toleo kuu la programu, mathalani 15 dhidi ya 16, seva haiwaki pia hadi data ihamishiwe toleo jipya.

Umiliki nao hutazamwa: saraka ikiachwa wazi kwa watumiaji wote wa kompyuta, PostgreSQL yenyewe hukataa kuwaka.

Umeme ukikatika ghafla, faili postmaster.pid huweza kubaki kana kwamba seva ingali kazini. Fundi huthibitisha kwanza kwamba hakuna seva nyingine inayotumia data hiyo. Kuifuta faili kwa pupa kwaweza kuharibu data. Saraka ndogo ya pg_wal haiguswi kabisa, hata diski ikijaa, kwani mabadiliko huandikwa humo kabla ya kuingia katika faili kuu, na seva huyasoma upya inapoamka. Zamani iliitwa pg_xlog. Jina lilibadilishwa mwaka 2017, katika toleo la 10, kwa kuwa wapo waliodhani ni takataka wakaifuta.

Mkazi ambaye malipo yake hayaonekani baada ya huduma kurejea afike dirishani na stakabadhi yake, kabla ya kukubali kulipa mara ya pili.