Msafara Hupimwa kwa Aliye Nyuma

Siku niliyofika chuoni kwa mara ya kwanza nikiwa juu ya pikipiki yangu mpya, bawabu wa langoni aliniinulia mkono na kuniamuru nielekee upande wa kushoto, mahali wanapongoja vijana wa bodaboda. Nilipoivua helmeti akanitambua, akaomba radhi mara tatu, kisha akauliza kwa sauti ya huruma: "Daktari, gari limeharibika?" Nikamjibu kwamba gari halikuharibika, bali nimeliuza. Alinitazama kama mtu aliyepewa habari za msiba.

Naam, msomaji mpenzi, katika nchi yetu pikipiki si chombo cha kusafiria tu. Ni cheo, au tuseme ni ukosefu wa cheo. Msomi wa makamo hutarajiwa aketi ndani ya gari, hata kama gari lenyewe linakesha kwa fundi na mwenyewe anakesha kwa madeni. Tangu mwaka 2008 hivi, serikali ilipoziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani, chombo hiki kimeenea hadi vijijini kabisa, lakini heshima haikuenea pamoja nacho.

Lugha nayo ilikipokea chombo hiki kwa utani. Pikipiki ni tanakali ya sauti: tumekiita kwa mlio wake. Wengine waliita tukutuku, neno linalotukumbusha mtoto mtukutu asiyeweza kutulia. Ama bodaboda, neno hilo lilizaliwa mpakani Busia, ambako wenye baiskeli waliwavusha wasafiri kutoka upande wa Kenya hadi upande wa Uganda huku wakinadi safari yao kwa neno la Kiingereza la mpaka. Baiskeli ikaiachia pikipiki jina hilo, na jina likasafiri mbali kuliko mpaka uliolizaa.

Lakini leo sikusudii kuzungumza juu ya maneno. Nakusudia kumweleza yeyote anayefikiria kununua pikipiki mambo ambayo mimi nilijifunza kwa kuchelewa, na hasa jambo moja ambalo nusura linigharimu maisha.

Kwanza, mwenye pikipiki mpya hudhani kwamba gharama imekwisha akishalipa dukani. La hasha! Leseni ya gari haimruhusu mtu kuendesha pikipiki. Sharti apate leseni ya kundi la A, na ni heri aipate kwa kufundishwa kuliko kwa ujanja. Bima ya kuwakinga watu wengine ni lazima kisheria. Sheria ya Trafiki inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na jaketi yenye kuakisi mwanga, nayo inakataza kumpakia abiria zaidi ya mmoja. Ukipita barabara yoyote ya mashambani jioni na kuona familia nzima juu ya kiti kimoja, utajua ni umbali gani uliopo baina ya sheria na maisha.

Kuhusu helmeti, nina neno la kusisitiza. Mwaka 2008 wataalamu wa mtandao wa Cochrane walichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kutoka nchi mbalimbali. Walikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Helmeti inayotajwa hapo ni ile iliyofungwa kidevuni. Ile inayoning'inizwa mkononi, au kuwekwa kichwani ili kumridhisha polisi, haimkingi mtu na chochote isipokuwa faini.

Pili, mashine mpya ni kama mgeni. Haifai kutwikwa kazi nzito siku ya kwanza. Vitabu vya watengenezaji aghalabu hushauri kwamba katika kilomita 500 hadi 1,000 za mwanzo usiinyanyase injini kwa mwendo wa kasi, na oili ya kwanza imwagwe mapema, kwa sababu vyuma vipya vinaposuguana hutoa chembechembe zinazochafua oili hiyo. Tairi mpya nazo huteleza mpaka ngozi yake ya juu ilike kidogo. Haya yote sikuambiwa na aliyeniuzia. Yeye alinipa ufunguo, risiti na tabasamu.

Aliyenifundisha ni kijana mmoja wa steji ya bodaboda iliyo karibu na nyumbani kwangu. Asubuhi moja alinisimamisha, akainama, akaigusa cheni ya pikipiki yangu kwa kidole. "Mwalimu," akasema, "hii cheni imelegea. Itaruka siku moja ikuache katikati ya barabara." Akachukua spana mbili, akanionyesha namna ya kuikaza: si sana hata ikatike, si kidogo hata iruke, bali iache mchezo wa sentimita mbili hadi tatu. Akanifundisha kutazama upepo wa tairi, breki na taa kila asubuhi kabla sijawasha. Nilipotia mkono mfukoni akakataa malipo. "Kesho na wewe utamwonyesha mwingine," akaniambia.

Kijana huyo huyo ndiye aliyeniambia kwamba breki ya mbele si adui. Wengi wetu huiogopa na kutegemea breki ya nyuma peke yake. Ukweli ni kwamba chombo kinapopunguza mwendo uzito wake huhamia mbele, na gurudumu la nyuma hubaki jepesi. Ukilibana kwa ghafula litateleza. Breki hizi mbili hutumiwa kwa pamoja, ile ya mbele ikibanwa polepole huku nguvu ikizidi kuongezwa. Nilimsikiliza, nikaitikia, kisha nikasahau. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ingawa mkuu wangu alikuwa na umri wa kuweza kuwa mwanangu.

Baada ya miezi miwili nilialikwa na mwenzangu mmoja wa kazini nijiunge na kikundi cha wapenda pikipiki katika matembezi yao ya Jumapili. Nilifurahi kama mtoto. Tulikutana karibu na Bomas, watu wanane, tukielekea Olorgesailie kwa barabara ya Magadi. Wenzangu walikuwa na pikipiki kubwa ambazo mlio wake tu ulitosha kuinyamazisha yangu. Mimi nilikuwa na chombo cha 150, na kwa adabu nikajiweka nyuma kabisa, kama mgeni akaavyo karibu na mlango.

Hilo ndilo lililokuwa kosa la kwanza, na si kosa langu peke yangu. Ongata Rongai tulikuwa pamoja kwa sababu ya msongamano. Kiserian niliwaona kwa mbali. Nilipofika Kona Baridi, mahali ambapo upepo humsukuma mwenye pikipiki kama mkono wa mtu, sikumwona yeyote. Mbele yangu bonde lilikuwa limefunguka, barabara ikiteremka kuelekea joto la Magadi. Moyo ukaniambia: wanakungoja, usiwaaibishe. Nikaongeza mafuta.

Mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni kama mita 22 kwa kila sekunde. Hesabu hiyo niliifanya baadaye. Wakati ule niliingia katika kona kwa kasi iliyokuwa ya wenzangu, si yangu, na nje ya kona hiyo kulikuwa na mbuzi, kundi zima, wakivuka kwa utulivu wa wenye nchi. Nikaikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zote. Gurudumu likateleza, pikipiki ikaniponyoka, nasi sote wawili tukalala kwenye changarawe kando ya barabara. Nilichubuka goti na kiwiko, na kioo kimoja kikavunjika. Helmeti ilipata mkwaruzo mrefu upande wa kulia, mahali ambapo pangekuwa sikio langu. Mtoto mchungaji alisogea, akanitazama, akasema, "Pole, mzee," kisha akawafuata mbuzi wake.

Niliwakuta wenzangu Olepolos, wakiwa nusu ya sahani ya nyama choma. Walikuwa wakicheka. Hakuna aliyekuwa amegundua kwamba sipo. Nilipoanza kuomba radhi kwa kuwachelewesha, mzee mmoja miongoni mwao, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, aliweka chini mfupa, akautazama mkono wangu uliokuwa ukivuja damu. Kicheko kikakoma.

"Daktari," akasema, "wewe hukuchelewa. Sisi ndio tuliokuacha."

Alisimama akaniosha jeraha kwa maji ya chupa, kisha akawageukia wenziwe akawaeleza, bila kupaza sauti, mambo ambayo walikuwa wakiyajua na kuyapuuza. Mgeni hawekwi nyuma. Huwekwa wa pili, nyuma ya kiongozi, ili kiongozi amwone kwenye kioo na mwendo wa wote ufuate mwendo wake. Nyuma kabisa hukaa mzoefu, mwenye spana na dawa za huduma ya kwanza. Katika barabara iliyonyooka watu hupangika kwa kupishana, mmoja upande wa kulia wa njia yake, mwingine kushoto, na baina ya mtu na yule aliye mbele yake moja kwa moja pabaki nafasi ya sekunde mbili. Kwenye kona hufuatana mmoja mmoja. Kila mtu hulipita lori kwa uamuzi wake mwenyewe, si kwa sababu aliyetangulia amepita. Katika kila njia panda msafara husimama mpaka wa mwisho afike. Na vituo vya mafuta huhesabiwa kwa tangi dogo kuliko yote, si kwa tangi kubwa.

Tuliendelea hadi Olorgesailie kwa mpango huo, tukayaona mashoka ya mawe ambayo Louis na Mary Leakey waliyachimbua katika miaka ya 1940, tukarudi Nairobi salama. Ilikuwa safari ya polepole. Ilikuwa pia, kwa ushuhuda wa wote, safari tamu kuliko zote walizowahi kufanya, maana kwa mara ya kwanza walikuwa wameiona njia.

Jioni ile, nikiwa nimelaza mguu kitini, nilifikiria neno moja tunalolitumia kila siku bila ya kulitazama. Kuandama ni kumfuata mtu. Tukiliongezea neno hilo kiambishi cha kutendana tunapata kuandamana: kufuatana. Sarufi yetu, basi, imekwisha kutoa hukumu. Haiwezekani watu waandamane ilhali mmoja tu ndiye anayefuata. Aliye mbele naye sharti amfuate aliye nyuma, kwa jicho la kwenye kioo na kwa mkono wake kwenye mafuta. Pasipo hivyo hapana msafara. Pana mbio tu, na anayekimbizwa ni mnyonge.

Msomaji huenda akauliza, je, hayo yanatuhusu nini sisi tusiokuwa na pikipiki? Yanatuhusu sana. Tazama barabara zetu. Mwenye gari humsukuma mwenye pikipiki nje ya lami, mwenye pikipiki humsukuma mtembea kwa miguu kwenye mtaro, na kila mmoja ana maneno ya kumlaani aliye chini yake. Sisi wa pikipiki za Jumapili, wenye jaketi za ngozi na glavu, tumekuwa na kasoro hiyo hiyo. Tunawacheka vijana wa bodaboda kwamba hawajui sheria, lakini elimu tuliyoipata kwa fedha na nafasi tunaifungia ndani ya vikundi vyetu. Ilhali elimu yangu ya kwanza, ile ya cheni na breki, niliipata bure kutoka kwa mmoja wao. Ni nani basi aliyemwacha mwenziwe nyuma?

Niliirudia steji ile wiki iliyofuata nikiwa na mwalimu mstaafu. Hatukwenda kuhutubu. Tulikwenda na spana, tukamwomba kijana yule awaonyeshe wenziwe wapya aliyonionyesha mimi, na mzee akaongeza habari za kona na za nafasi ya sekunde mbili. Mmoja wa vijana aliuliza kama helmeti yangu iliyokwaruzwa bado inafaa. Nikamwambia haifai, helmeti ikishapigwa mara moja imekwisha kazi yake. Aliigeuzageuza mikononi, akaupitisha ule mkwaruzo kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akaichukua yake iliyokuwa imening'inia kwenye usukani, akaivaa, akaukaza mshipi wa kidevuni na kwenda kumchukua abiria wake.

Wewe unayenunua pikipiki kesho, nunua helmeti kabla ya pikipiki, itazame cheni kabla ya safari, na usikubali kamwe mwendo wa mwingine uwe mwendo wako. Na wewe uliyetangulia, tazama kioo chako. Usipomwona aliye nyuma, simama.