Akili Inapoona Njia Moja Tu

Zaidi ya watu 720,000 hujiua kila mwaka duniani, lasema Shirika la Afya Duniani, na karibu robo tatu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, Kenya ikiwemo. Msiba kama huo ukitokea hapa Mombasa, Likoni au Kisauni, sababu husemwa kwa kunong'ona: jini, deni, mapenzi, imani haba. Ubongo hautajwi.

Mwaka 2020 watafiti waliofadhiliwa na shirika la MQ la Uingereza walichambua tafiti 131 za picha za ubongo, zilizohusu watu zaidi ya 12,000. Mitandao miwili, yote ya sehemu ya mbele ya ubongo, ilijitokeza. Wa kwanza hutawala hisia. Ukivurugika, mtu huandamwa na mawazo mabaya kuhusu nafsi yake. Wa pili husaidia kukata shauri, kutafuta njia nyingine na kujizuia. Yote miwili ikiyumba, wazo huweza kuwa tendo.

Uchunguzi unaonigusa zaidi haukuhitaji mashine. Mwaka 1986 Mark Williams na Keith Broadbent waliwapa maneno watu waliokuwa wamejaribu kujiua, wakawaomba wakumbuke tukio moja mahususi kwa kila neno. Tuseme neno ni "furaha". Mkaazi wa Changamwe asiye na dhiki atakwambia: Idi ile tulipowapeleka watoto bustani ya Mama Ngina, mdogo akamwaga ukwaju kwenye kanzu mpya. Aliyezama katika dhiki atasema: zamani nilikuwa nafurahi na watoto. Basi. Siku yenyewe haimjii, hasa ikiwa ilikuwa njema. Hasara yake ni kubwa, maana anayedaiwa kodi ya nyumba hujinasua kwa kukumbuka mwaka jana alimwendea nani, alisema nini, akapewa muda gani. Kumbukumbu hizo zikififia, hubaki njia moja machoni pake. Anayemwita mwoga au mvivu wa ibada anamwonea.

Picha ya ubongo haiwezi kutuambia ni nani atakayejiua. Joseph Franklin na wenzake walipopitia tafiti 365 za miaka 50 kuhusu vihatarishi vya kujiua, mwaka 2017, walikuta ubashiri haukuzidi sana bahati nasibu. Tena wengi waliopigwa picha za ubongo ni watu wa nchi tajiri. Ndiyo maana mradi wa UZIMA-DS una uzito kwetu: Chuo Kikuu cha Aga Khan kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Michigan, kwa fedha za taasisi za afya za Marekani, kimekuwa kikitumia takwimu za hapa kutambua mapema hatari ya msongo wa mawazo na ya kujiua.

Sheria nayo imeanza kusogea. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi alibatilisha kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Ilichelewa mno.

Wengi walionusurika hawafi baadaye kwa kujiua. Saa ile mbaya hupita, mradi mtu asiwe peke yake. Na kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Muulize waziwazi: "Mwanangu, unafikiria kujiua?" Akikubali, usimhubirie. Kaa naye, ondoa karibu yake chochote cha kumdhuru, piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu, au mwandamane hadi kitengo cha afya ya akili, hospitali ya Port Reitz.