Biblia ya Familia Iliandikwa Lini?

Ndani ya jalada la Biblia ya familia mara nyingi huwa na orodha ya watoto, kila mmoja na siku aliyozaliwa. Tuseme wa kwanza ameandikiwa mwaka 1931. Wajukuu huinakili kama ilivyo. Mtafiti wa nasaba huanza na ukurasa wa jina la kitabu. Akikuta ni tafsiri ya Kiswahili iitwayo Union Version, anajua kwamba Biblia nzima ya tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1952. Basi mstari wa 1931 uliandikwa zaidi ya miaka 20 baada ya mtoto kuzaliwa. Kisha hutazama wino. Kama watoto wote saba wameandikwa kwa kalamu moja na mwandiko uleule, huenda orodha iliandikwa siku moja, kutoka daftari la zamani au kichwani mwa mzazi.

Tarehe yaweza kuwa sahihi bado. Lakini uzito wake umepungua, na wajukuu wana haki ya kuambiwa.

Ndiyo maana kila chanzo huandikiwa tarehe tatu: ya tukio, ya kuandikwa, na ya siku mtafiti alipokiona. Cheti cha kuzaliwa nacho kisiachwe. Tarehe ya kuzaliwa na ya kusajiliwa zikipishana miaka 40, inafaa kuuliza nani alitoa taarifa. Huenda ni mwenye cheti mwenyewe, ambaye siku yake ya kuzaliwa aliisikia kwa wengine.

Pwani kuna hesabu ya ziada. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladia kwa siku 11 hivi. Mwaka 1314 ulianza Juni 1896 na kuisha mwaka uliofuata. Ndani yake, kasri ya Sultani wa Zanzibar ilipigwa mizinga na Waingereza Agosti 1896, na amri ya kukomesha utumwa ikatolewa Aprili 1897. Bibi aliyezaliwa 1314 akiandikiwa "1896" tu, huenda amehamishwa kutoka baada ya amri hiyo hadi kabla yake. Iandikwe 1314 kama ilivyokutwa, kisha 1896/97.

Ugogoni, mzee husema mama yake alizaliwa wakati wa Mtunya, njaa kuu ya 1917 hadi 1920. Neno lake ndilo litangulie. Miaka ifuate kwenye mabano. Kuchagua 1918 kwa sababu fomu inataka mwaka mmoja ni kubuni.

Masimulizi nayo yana kanuni yake: nani kasimulia, wapi, lini, naye kasikia kwa nani. "Shangazi kasema" haitoshi. Ukoo una mashangazi wengi. Kwa hati zilizohifadhiwa Nyaraka za Taifa Zanzibar, hutajwa namba ya jalada na ukurasa.

Na ile Biblia? Karatasi ndogo ndani yake inatosha: "Orodha hii haikuandikwa kabla ya 1952. Mwandiko ni wa babu, kwa maelezo ya binti yake wa tatu, aliyeitambua herufi yake ya R." Chini yake, tarehe ya leo.